Usiku wako hutengenezwa asubuhi: mwongozo wa saa ya mwili kwa sisi wa Dodoma

Nilifanya uuguzi wodini hapa Dodoma kwa miaka 11, na karibu nusu ya miaka hiyo nilikuwa zamu ya usiku. Nilitoka saa 2 asubuhi macho yakiniwasha kama yametiwa mchanga, nikafika nyumbani, nikalala hadi jua la saa 6 liliponitoa jasho chini ya bati. Niliongezeka uzito bila kujua kwa nini. Hedhi ikavurugika. Kilichonitisha zaidi ni kusahau: mgonjwa niliyemwogesha jana, leo jina lake silipati. Nilidhani uzee umenibishia hodi nikiwa na miaka 34. Kumbe niliishi kinyume na saa ambayo sikujua kama ninayo.

Tangu nilipojifunza habari za saa hiyo nimekuwa nikizieleza kwa majirani, kwa vijana wa bodaboda kijiweni kwetu na kwa kila mgonjwa anayeniambia, "Sista, sipati hata lepe la usingizi." Wengi wao wanahangaika na usiku: wanabadili mto, wanameza vidonge, wanahesabu mabati ya dari. Mimi nawaanzishia asubuhi, na hivyo ndivyo hatua hizi zilivyopangwa. Zifuate kwa mpangilio wake kwa wiki mbili.

Kwanza, ijue saa yenyewe

Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tumerithi kitu kizuri. Hesabu yetu inaanza jua likichomoza na inaanza upya likizama. Saa 1 asubuhi ni saa moja tangu kupambazuke, na saa 1 usiku ni saa moja tangu giza liingie. Mwili nao una mianzo hiyo hiyo miwili, mwanga na giza.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali neva za macho mawili zinapopishana, kuna kishada cha seli 20,000 hivi, kidogo kuliko punje ya mtama. Hiyo ndiyo saa kuu. Ini lina saa yake, kongosho lina yake, moyo na figo vilevile, na kishada hiki ndicho kinachozipigia zote mdundo. Kila seli inapima muda kwa njia ya ajabu: jeni, kipande cha maelekezo ya urithi, linaagiza protini itengenezwe, protini inajazana hadi inalizima jeni lenyewe, kisha inaoza taratibu na jeni linawaka tena. Mzunguko huo unachukua karibu saa 24. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walioufumbua kwa kuchunguza nzi wadogo wa matunda walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Lakini dalili ya kwanza ilionekana zamani sana. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alifungia gizani mmea unaodhaniwa kuwa ni kifauwongo, ule tuliokuwa tukiugusa utotoni ukajikunja. Majani yake yaliendelea kufunguka mchana na kufunga usiku ingawa jua hayakuliona.

Saa ya binadamu, kwa wastani, inazidi saa 24 kwa dakika kumi hivi. Usipoirekebisha kila siku inachelewa leo kidogo na kesho kidogo, hadi unajikuta saa 7 usiku macho makavu. Kinachoirekebisha ni mwanga unaopita machoni. Kuna seli nyuma ya jicho ambazo kazi yake si kuona sura za watu. Zinapima tu wingi wa mwanga, hasa ule wa rangi ya bluu, na kupeleka taarifa kwenye kishada. Ndiyo maana hata baadhi ya vipofu saa zao za mwili hukaa sawa.

Saa hiyo inatawala homoni. Giza likiingia, tezi ndogo katikati ya ubongo inaanza kumwaga melatonini. Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale aliitenga homoni hiyo mwaka 1958 kutoka kwenye tezi za ng'ombe, jambo ambalo sisi wa nchi ya wafugaji tunapaswa kulifurahia. Melatonini haikupigi ukalala. Inatangaza tu kwamba usiku umeingia, na kila kiungo kinasikia tangazo hilo kwa namna yake. Kotisoli, homoni inayouamsha mwili, inakwenda kinyume chake: iko chini kabisa karibu na saa 6 usiku, inapanda kuelekea alfajiri na kufika kileleni muda mfupi baada ya kuamka, ili uinuke na nguvu. Mtu asiyelala vya kutosha kotisoli yake ya jioni hubaki juu. Amechoka lakini mwili umesimama kama mlinzi aliyesikia kishindo.

Hatua ya 1: Chagua saa moja ya kuamka, uishike

Saa ya kupatwa na usingizi huwezi kuiamuru. Saa ya kuamka unaweza. Ichague kulingana na kazi yako na uishike siku zote saba, Jumamosi na Jumapili zisipishane na siku nyingine kwa zaidi ya nusu saa. Ukilala hadi saa 4 asubuhi siku ya mapumziko, saa yako imesogezwa mbele, na Jumapili usiku utagaagaa kitandani ukidhani una mawazo.

Kisha hesabu kurudi nyuma. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji 8 hadi 10. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji 9 hadi 12. Ukiamka saa 11:30 alfajiri, basi saa 4:30 usiku uwe umeshalala, si kwamba ndiyo unaanza kukunja nguo.

Hapa nina neno na wazazi. Mwanangu alipokuwa darasa la pili gari la shule lilimpitia saa 10:30 alfajiri. Nilipomlalamikia dereva alinijibu kwa upole, "Mama, njia ni ndefu, nisipoanzia kwako siwahi." Nilipiga hesabu: ili mtoto apate saa 9 ilibidi awe amelala saa 1:30 usiku, wakati nyumbani ndiyo kwanza ugali unasongwa. Homoni ya ukuaji humwagika kwa wingi katika usingizi mzito wa sehemu ya kwanza ya usiku, na masomo ya mchana huhifadhiwa kwenye kumbukumbu wakati mtoto amelala. Nilimhamishia shule ya jirani anayokwenda kwa miguu. Watu walinishangaa. Muhula uliofuata mwalimu wake mpya aliniuliza kama mtoto huyu ndiye yule niliyesema anasinzia.

Hatua ya 2: Toka nje jua linapochomoza

Hii ndiyo hatua iliyonibadilisha, nami naomba usiipite haraka kwa sababu ni ya bure.

Saa zetu za Tanzania zimepimwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, uliopita baharini mbali na pwani yetu. Dodoma iko karibu na 36. Kwa hiyo jua linachelewa kutufikia. Hapa huchomoza kati ya saa 12:10 na saa 12:50 asubuhi kutegemea mwezi, na kufika utosini saa 6 na nusu hivi. Maana yake mtumishi anayetoka Nkuhungu au Kisasa kwenda Mtumba saa 12 kamili anaondoka gizani, anakaa ndani ya gari, anaingia ofisini ambako mapazia yamefungwa na taa zimewashwa, na anatoka jua likikaribia kuzama. Siku nzima macho yake hayajaambiwa kwamba kumekucha.

Wataalamu hupima mwanga kwa kipimo kiitwacho laksi. Ofisi yenye taa nzuri ina laksi 300 au 500. Nje, hata wingu likiwa limetanda, kuna maelfu, na jua kali la Dodoma linaweza kufika 100,000. Macho yetu yanajirekebisha ndiyo maana hatuoni tofauti kubwa hivyo, lakini saa ya mwili inaiona.

Fanya hivi. Ndani ya saa moja tangu uamke, kaa nje dakika 20 hadi 30. Kunywa chai uani badala ya sebuleni. Fagia uwanja, mwagilia mchicha, tembea vituo viwili kabla ya kupanda daladala. Usivae miwani ya jua kwa muda huo, na wala usilitazame jua lenyewe. Mwanga wa anga unatosha. Siku ya mawingu ya masika ongeza muda. Juni na Julai upepo wa hapa unakata masikio, kwa hiyo vaa sweta, lakini toka. Ukiondoka gizani, shuka garini kabla ya kuingia ofisini usimame nje robo saa. Mapumziko ya chai yatumie nje vilevile.

Mwaka 2013 Kenneth Wright wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, alichapisha matokeo ya watu 8 waliopiga kambi milimani kwa wiki moja bila taa ya umeme wala simu, wakitumia jua na moto wa kuni tu. Saa zao za mwili zilisogea mapema kwa karibu saa mbili, na waliokuwa wakijiita watu wa usiku wakakaribiana na wenzao wa asubuhi. Bibi yangu wa Kongwa aliishi kambi hiyo maisha yake yote. Nilipokuwa mdogo nilimwona akisinzia mapema usiku nikadhani ni uchovu wa jembe.

Hatua ya 3: Kahawa na chai ya rangi ziishie mchana

Tangu uamke, ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini. Kadiri inavyojazana ndivyo macho yanavyolegea. Kafeini inakalia viti vya adenosini, kwa hiyo uchovu upo ila hauusikii. Nusu ya kafeini huchukua saa 5 hivi kutoka mwilini. Kikombe cha saa 11 jioni bado nusu yake imo damuni saa 4 usiku. Weka mpaka saa 8 mchana.

Vijana wa bodaboda wananiuliza kuhusu vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu. Nguvu hazimo humo. Kuna kafeini na sukari, na deni la usingizi linabaki pale pale likikungoja barabarani. Mwaka 1997 watafiti wa Australia Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za umakini vibaya sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 damuni. Kijana aliyeamka saa 11 alfajiri amefika hapo saa 4 usiku. Abiria anayempakia hajui.

Pombe nayo ni ya kuangalia. Wanzuki au mvinyo wetu wa zabibu utakulaza haraka, halafu nusu ya pili ya usiku unakatikakatika, na kwa usiku mzima usingizi wa ndoto unapungua. Anayekunywa ili alale anajidanganya, nami nasema hivi kwa kumhurumia.

Hatua ya 4: Ukisinzia mchana, iwe kidogo

Dakika 20, kabla ya saa 9 alasiri. Weka kengele. Ukizidisha utaamka mzito, na usiku utakuwa umeshalipa deni ulilotakiwa kulilipia kitandani. Mwezi wa Ramadhani, kwa majirani zangu wa Kondoa wanaoamka kula daku, usingizi mfupi baada ya Adhuhuri unasaidia sana.

Hatua ya 5: Jua likizama, chakula kiwe karibu mezani

Mji umekua na chakula cha jioni kimesogea. Zamani ugali wa uwele na mlenda vililiwa mwanga ukiwapo. Sasa mtu anafika nyumbani saa 2, anakula saa 4, na wengine wanapitia chipsi mayai saa 5 usiku halafu moja kwa moja kitandani.

Kongosho lina saa, nilisema. Melatonini ikishapanda damuni, utoaji wa insulini unapungua, kwa hiyo sahani ile ile inapandisha sukari ya damu zaidi usiku kuliko asubuhi. Kula saa 12 au saa 1 jioni, na ukishindwa, acha angalau saa 2 au 3 kati ya tonge la mwisho na kulala. Mlo mzito uwe wa mchana. Kama kazi inakuchelewesha, beba kiporo ule hapo hapo kazini jioni, nyumbani ukanywe uji mwepesi. Familia inaweza kulalamika kwamba huli nao. Kwetu tulisogeza maongezi yakaja asubuhi kwenye chai, uani.

Upande wa pili wa jambo hili ndio ulionieleza unene wangu. Mwaka 2004 Karine Spiegel na Eve Van Cauter, kwenye Chuo Kikuu cha Chicago, waliwalaza vijana 12 wa kiume saa 4 tu kwa usiku mbili. Leptini, homoni inayosema "nimeshiba", ilishuka kwa asilimia 18. Grelini, inayosema "nina njaa", ilipanda kwa asilimia 28. Vijana wakatamani zaidi vyakula vya wanga na vitamu. Miaka mitano kabla, kundi hilo hilo lilikuwa limeonyesha kwamba usiku sita wa saa 4 za usingizi unawafanya vijana wenye afya washindwe kuishughulikia sukari ya damu kama kawaida. Na mwaka 2011 Van Cauter na Rachel Leproult wakaona kwamba wiki moja ya kulala saa 5 inashusha testosteroni, homoni ya kiume, ya kijana kwa asilimia 10 hadi 15. Hilo la mwisho nawasomea kijiweni kwa sauti, na hapo hata wanaocheka hunyamaza.

Kwa hiyo mama unayejilaumu kwamba huna nidhamu ya kula, hesabu kwanza saa zako za kulala. Njaa ya saa 5 usiku mara nyingi ni usingizi uliokosewa jina.

Hatua ya 6: Ruhusu giza liingie ndani

Dodoma jua huzama kati ya saa 12:30 jioni na saa 1. Kuanzia saa 2 usiku punguza taa. Zima ile ya dari nyeupe kali, bakiza moja ya rangi ya manjano, ikae chini kuliko usawa wa macho. Watafiti wa Boston wakiongozwa na Joshua Gooley waliripoti mwaka 2011 kwamba mwanga wa kawaida wa chumba, chini ya laksi 200, kabla ya kulala, unafupisha muda wa melatonini kwa dakika 90 hivi ukilinganisha na mwanga hafifu. Hizo si taa za uwanjani. Ni taa za sebule yako.

Simu ilale chumba kingine saa moja kabla yako. Unayeitumia kama kengele, nunua saa ya mezani. Mwanga wa simu ni sehemu tu ya tatizo. Habari zilizomo ndizo zinazoishikilia kotisoli.

Mwenye mtoto mchanga, sikia hili. Mtoto hazaliwi saa yake ikiwa imekaa sawa. Huanza kushika mdundo wa mchana na usiku akiwa na miezi miwili au mitatu. Maziwa ya mama ya usiku yana melatonini, ya mchana karibu hayana. Mnyonyeshe usiku kwa mwanga mdogo kabisa, bila kumchekesha, na asubuhi mtoe kibarazani. Ukikamua maziwa, andika kwenye chombo kama ni ya mchana au ya usiku.

Hatua ya 7: Poza chumba

Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili lazima lishuke. Mwaka 2015 Gandhi Yetish na Jerome Siegel walichapisha vipimo vya usingizi wa Wahadzabe, ndugu zetu wa bonde la Ziwa Eyasi, pamoja na jamii mbili za nje ya Tanzania zisizotumia umeme. Hawakulala jua lilipozama kama wengi walivyotarajia. Walilala, kwa wastani, zaidi kidogo ya saa 3 baada ya jua kuzama, na usingizi ulikuwa ukifuata kushuka kwa joto la usiku. Wengi waliamka kabla ya jua kuchomoza, na malalamiko ya kukosa usingizi yalikuwa machache sana.

Tembe la Wagogo lilikuwa na ukuta mnene na paa la udongo. Joto la mchana halikupenya haraka. Bati linapokea jua la Oktoba siku nzima na kukushushia usiku. Fungua madirisha jioni upepo wa Dodoma upite, weka wavu na chandarua, tundika kitenge kizito upande wa magharibi kuanzia mchana. Oga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala: damu inakuja kwenye ngozi, joto la ndani linatoka. Ukiwa na mzazi mzee anayelalamika baridi, mpe soksi. Miguu yenye joto inasaidia mwili kupoa ndani.

Usiku seli za ubongo zinafanyiwa nini

Hapa nasimamisha hatua kidogo, kwa sababu watu huniuliza kwa nini wasilale saa 5 tu wawahi biashara.

Seli za ubongo zikifanya kazi zinatoa taka. Mojawapo ni amiloidi, protini inayojikusanya kwenye ubongo wa wenye ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kusahau uzeeni. Mwaka 2012 na 2013 Maiken Nedergaard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walieleza, kwa kuchunguza panya, kwamba maji ya ubongo hupita kandokando ya mishipa ya damu na kusomba taka hizo, na kwamba panya akilala nafasi kati ya seli huongezeka kwa asilimia 60 hivi. Mwaka 2024 watafiti wa Imperial College London walitoa vipimo vya panya vinavyopinga kwamba usafishaji huongezeka usingizini, kwa hiyo wanasayansi bado wanabishana juu ya mifereji yenyewe. Kuna ushahidi mwingine usiotegemea mifereji hiyo. Mwaka 2018 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani waliwapiga picha za ubongo watu 20 baada ya usiku mmoja wa kukesha, na amiloidi ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 5 hivi katika sehemu zinazohusika na kumbukumbu. Na mwaka 2021 Séverine Sabia na wenzake, waliofuatilia karibu watumishi wa umma 8,000 wa Uingereza kwa miaka 25, waliona kwamba waliokuwa wakilala saa 6 au pungufu wakiwa na miaka 50, 60 na 70 walipata ugonjwa wa kusahau kwa asilimia 30 zaidi kuliko waliolala saa 7. Hilo la mwisho halithibitishi kwamba kukosa usingizi ndiko kulikowaletea ugonjwa, lakini mimi sikungoja uthibitisho.

Kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaokesha kabla ya mtihani: sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya, isipolala, inapokea vibaya, na yale iliyopokea hayahamishwi kwenda kuhifadhiwa. Soma hadi saa 4, lala, amka saa 11 urudie.

Hatua ya 8: Kwa wa zamu za usiku

Walinzi, manesi, madereva wa malori ya barabara ya Singida, wapika vitumbua wa saa 9 usiku. Shirika la Afya Duniani, kupitia idara yake ya utafiti wa saratani, liliiweka kazi ya usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, mwaka 2007 na tena 2019. Siwatishi. Najua kodi ya nyumba hailipwi na usingizi. Nasema yafuatayo kwa kuwa niliyafanya.

Jioni kabla ya zamu, sinzia kwa muda wa saa moja na nusu. Nusu ya kwanza ya zamu kaa kwenye mwanga mkali, nusu ya pili upunguze kama kazi inaruhusu. Kula kabla ya saa 6 usiku, kisha maji tu hadi alfajiri. Ukitoka asubuhi, usiendeshe mwenyewe ukiwa unasinzia. Panda gari, vaa miwani myeusi na kofia, nenda moja kwa moja nyumbani. Chumba kiwe giza kabisa: blanketi dirishani, kitambaa machoni. Waambie wa nyumbani kwa jina na kwa saa. Mimi niliandika mlangoni "Mama yuko usiku hadi saa 8 mchana", na watoto walielewa kuliko nilivyotarajia.

Ukipangwa zamu, omba zisogee mbele, yaani asubuhi, kisha jioni, kisha usiku, wala zisirudi nyuma. Saa ya mwili inapenda kuchelewa kuliko kuwahi. Msimamizi wangu wa wakati ule alikataa. Aliyemfuata alikubali baada ya sisi watano kwenda pamoja kumwomba.

Hatua ya 9: Ukiwa macho kitandani, na lini uende hospitali

Dakika 20 zikipita hujalala, inuka. Kaa kwenye kiti gizani au karibu na giza, sikiliza redio kwa sauti ndogo, shona, sali. Rudi usingizi ukija. Kitanda kisizoee kuwa mahali pa kuhangaika. Usinunue dawa za usingizi au za mafua dukani ili zikulaze.

Weka daftari la siku 14. Kila asubuhi andika saa uliyopanda kitandani, saa unayodhani ulilala, mara ulizoamka, saa uliyoinuka, muda uliokaa juani, kikombe cha mwisho na tonge la mwisho. Mistari miwili inatosha.

Nenda hospitali mapema kama unakoroma na mwenzako anasema pumzi yako hukatika kisha unashtuka. Kama unasinzia ukiendesha. Kama kukosa usingizi kumezidi miezi mitatu. Kama usingizi umepotea pamoja na hamu ya kuishi, au hulali kabisa na bado una nguvu za ajabu na maneno mengi. Mwenye kifafa asikeshe kwa sababu yoyote, msiba wala harusi, kwani kukosa usingizi huamsha degedege hata kwa anayemeza dawa vizuri. Mwenye kisukari anayebadilishiwa zamu amwambie daktari kabla. Nenda na daftari lako, na kama inawezekana nenda na yule unayelala naye chumba kimoja, maana yeye ndiye anayekusikia usiku.